Ana hakunyamaza

4 Februari 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, mafua yamekwisha. Najua unangoja habari za juzi, maana nilikwambia kwenye simu kwamba paroko kaniachia misa zote mbili za Sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni. Miaka mingine siku hii ya 40 tangu Noeli hupita kimyakimya katikati ya wiki. Safari hii imeangukia Jumapili, na kwa kuwa ni sikukuu ya Bwana, Jumapili ya kawaida ikaipisha. Kanisa likajaa.

Tulianzia nje, kubariki mishumaa. Upepo, Mama! Kurasa zilijifunua zenyewe, mishumaa ikazimika mmoja baada ya mwingine, watu wakabaki kuombana moto, huyu kamwinamia yule, kiganja kimekinga mwali. Tukaingia tukiimba habari za mwanga wa mataifa, na nusu yetu tumeshika tambi zinazofuka moshi. Nta ikanidondokea kwenye mkono wa alba, lile vazi langu jeupe la misa, mpaka leo haijatoka.

Mahubiri niliyaandaa wiki nzima. Lugha ya huku bado inanipiga chenga, kwa hiyo naandika kila neno. Nilianza na wale ndege. Torati ilitaka mama aliyejifungua atoe mwanakondoo. Asiye na uwezo alipeleka hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Luka anataja ndege tu, kwa hiyo Maria na Yosefu waliingia hekaluni na sadaka ya maskini. Hapo watu walitulia kabisa, nami nikavimba kichwa. Nikaenda kwa Simeoni, yule aliyempokea mtoto Yesu mikononi pale hekaluni, nikawaambia kwamba Luka hasemi popote kuwa alikuwa mzee, zile ndevu nyeupe tumempa sisi. Aliyetajwa na miaka ni Ana, yule nabii mjane wa 84 aliyekuwa pale pale hekaluni. Na hapo ndipo nilipoteleza. Nikasema, tena kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba Simeoni alitoa utenzi lakini Ana hakutamka neno, nasi tuige ukimya wake.

Baada ya misa, pale mlangoni, bibi mmoja wa mkongojo akanishika mkono asiuachie. Kipande cha mshumaa wake kilikuwa kimechungulia kwenye mfuko wa koti.

"Padre, umemnyang'anya Ana maneno yake. Kasome tena."

Nikacheka kwa adabu. Sakristia nikafungua kitabu: Luka sura ya 2, mstari wa 38, alimshukuru Mungu, akawapa habari za mtoto wote waliokuwa wakiungoja ukombozi wa Yerusalemu. Wote, Mama! Luka hakuyaandika maneno yake, mimi nikadhani hakusema. Na Injili hiyo nilikuwa nimetoka kuisoma kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikakukumbuka ulivyokuwa ukinisahihisha katekisimu huku umenipa mgongo, wala hukuwa na kitabu mkononi.

Misa ya pili, nilipofika kwa Ana, nikaiweka karatasi kando. Nikakiri kwamba asubuhi nilikosea na kwamba aliyenisahihisha yumo humu ndani. Maana hakwenda nyumbani yule bibi! Alihamia benchi la mbele, nadhani kunikagua. Bila karatasi sentensi zilikatikakatika, na kitenzi kimoja nilikiharibu vibaya, kwa sababu watoto walicheka na mama zao wakawafinya. Mwaka jana Baba Mtakatifu alishauri mahubiri yasizidi dakika 8. Ya asubuhi yalikwenda 14. Haya ya pili sikutazama saa.

Nilimaliza kwa kuusoma ule mstari upya, polepole. Nilipoinua macho, bibi alikuwa amekitoa kile kipande mfukoni, anamnyooshea jirani yake amwashie.

Nisalimie Baba na wadogo zangu. Mwambie Baba barua yake nimeipata, nitamjibu wiki hii.

Ni mimi mwanao