Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi: Theodore wa Tarso, Askofu Mkuu wa Canterbury

Mhashamu Baba Askofu, mgeni wetu rasmi. Baba Gombera, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu: Tumsifu Yesu Kristo!

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Leo tunamzungumzia Theodore, Mgiriki wa Tarso, mji wa Mtume Paulo, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, Uingereza, tangu 668 hadi 690.

Mhashamu, Theodore hakuwa chaguo la kwanza, wala la pili. Wighard, aliyetumwa Roma kuwekwa wakfu, alifia huko kwa tauni pamoja na karibu wenzake wote. Papa Vitalian akamwita Hadrian, abate wa monasteri moja karibu na Napoli, Mwafrika kwa asili. Hadrian akakataa, akamtaja mmonaki Andrew. Huyo afya haikumruhusu. Ndipo Hadrian akampendekeza Theodore, mzee wa miaka 66. Papa aliridhia kwa sharti kwamba Hadrian amsindikize: kwanza, njia ya Ufaransa alikwisha kuipita mara mbili, pili, amwangalie Mgiriki huyu asije akaingiza desturi za kwao zinazopingana na imani.

Kikafuata kikwazo cha nywele. Wamonaki wa Mashariki walinyoa kichwa chote, ilhali wa Roma walibakiza duara la nywele mfano wa taji. Kwenye kipara taji halichongeki! Theodore akapewa ushemasi mdogo, akangoja miezi minne nywele ziote. Aliwekwa wakfu 26 Machi 668, akaondoka Roma 27 Mei. Safari ilikula mwaka mzima. Huko Arles, kusini mwa Ufaransa, walizuiwa hadi kilipotoka kibali cha Ebroin, mkuu wa ikulu ya Wafranki, watawala wa Ufaransa wakati huo. Kisha baridi ikamkuta Theodore kwa askofu wa Paris. Hadrian alibakizwa nyuma, akishukiwa kubeba ujumbe wa Kaisari wa Dola ya Kirumi ya Mashariki kwa wafalme wa Uingereza. Theodore aliingia Canterbury 27 Mei 669.

Alikuta majimbo kadhaa hayana askofu. Alizunguka nchi nzima, akiweka maaskofu na kurekebisha kasoro. Chad, askofu ambaye uwekwaji wake wakfu ulikuwa na dosari, alikubali kuachia ngazi bila ubishi. Theodore akamkamilishia daraja badala ya kumfukuza. Na kwa kuwa Chad alizoea kwenda kwa miguu, alimwamuru apande farasi, kisha akamnyanyua kwa mikono yake mwenyewe.

Kwenye Sinodi ya Hertford, yaani mkutano wa maaskofu, mwanzoni mwa miaka ya 670, alikuja na kitabu cha kanuni akiwa ameweka alama vifungu kumi. Kimoja kilitaka sinodi mara mbili kwa mwaka. Maaskofu wakasema vizuizi ni vingi, wakaafikiana mara moja, kila 1 Agosti. Kingine kilitaka maaskofu waongezwe kadiri waamini wanavyoongezeka. Hicho kiliwekwa kiporo, na kwa maoni yetu hapo ndipo ugomvi ulipopandwa. Mwaka 678 Theodore aligawanya jimbo kubwa la Wilfrid, askofu wa York, bila ridhaa yake, wakati Wilfrid tayari amekosana na Mfalme Ecgfrith wa Northumbria, kaskazini mwa Uingereza. Wilfrid akakata rufaa Roma. Hukumu ikawa arudishiwe jimbo, kisha ligawanywe kwa maaskofu atakaowachagua yeye pamoja na sinodi. Yaani Roma haikukataa kugawa. Ilikataa namna ilivyofanyika. Mfalme aliipuuza hukumu hiyo, akamfunga Wilfrid. Theodore na Wilfrid walipatana 686.

Shule ya Theodore na Hadrian ilifundisha Kilatini, Kigiriki, mizani ya mashairi, elimu ya nyota na hesabu za kalenda ya Kanisa. Bede, mmonaki aliyemaliza kuandika historia ya Kanisa la Uingereza mwaka 731, anasema wanafunzi wao waliokuwa bado hai walizijua lugha hizo mbili kama lugha ya mama.

Theodore alifariki 19 Septemba 690, akiwa na miaka 88.

Mhashamu, ombi letu ni moja. Utakaposimama, utueleze jimbo linagawanywaje siku hizi: nani huanza kupendekeza, na askofu mwenye jimbo husikilizwa katika hatua ipi?

Tunaomba kuwasilisha.