Hela za kikundi zilizo chini ya kitanda chako

Kikuyu, Dodoma
Jumanne jioni

Mpendwa dada yangu,

Bwana Yesu asifiwe. Habari za hapo Hombolo, na shemeji ameamkaje leo? Mimi na watoto tu wazima, tunamshukuru Mungu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza nikiwa peke yangu chumbani. Nimeona nikuandikie kwa karatasi kwa sababu simu yako inashikwa na kila mtoto hapo nyumbani, na mengine humu si ya kusikiwa na watoto. Barua nampa dereva wa gari la Hombolo, yule unayemfahamu.

Umenieleza mambo matatu kwa pumzi moja: kwamba mkono wa kulia wa shemeji bado haunyanyuki tangu kile kiharusi, kwamba mnunuzi wa zabibu hakutokea mpaka zikaozea shambani, na kwamba yule mkopeshaji wa kausha damu, ile mikopo ya riba kali, anapita kila jioni na pikipiki, anasimama mlangoni na kupiga honi majirani wasikie. Halafu ukashusha sauti ukasema la nne. Kikao cha kikoba, kikundi chenu cha kuweka na kukopa, kiliahirishwa kwa ajili ya msiba, marejesho ya mikopo yakabaki kwako wewe mweka hazina kwenye mkoba chini ya kitanda, na tangu hapo hulali kwa kushawishika kuyachukua umlipe mkopeshaji. Nililia, mpendwa. Sikukushangaa hata kidogo. Nakujua ulivyo, na mtu kama wewe akifika kusema maneno yale, basi amebanwa hasa.

Najua wanaokuja kukupa pole wanakuambia Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba. Mimi sitakuambia hivyo, kwa sababu Biblia haisemi hivyo. Wanachokikumbuka ni 1 Wakorintho 10:13, kwamba Mungu hatatuacha tujaribiwe kupita tuwezavyo, na pamoja na lile jaribu atafanya na mlango wa kutokea. Lakini isome sura hiyo kuanzia juu. Paulo anawasimulia Waisraeli jangwani, walivyoangukia sanamu na uasherati na manung'uniko. Pale anazungumzia dhambi inayomwita mtu, na anaahidi kwamba hakuna dhambi inayokuja bila njia ya kuikimbia. Uzito wa maisha ni habari nyingine, na Paulo huyo huyo aliwaandikia Wakorintho hao hao katika barua ya pili, sura ya kwanza, kwamba huko Asia "tulilemewa mno kuliko nguvu zetu, hata tukakata tamaa ya kuishi." Huyo ni mtume anasema hivyo, na hakuona aibu kuliandika likasomwa mbele ya kanisa. Mstari unaofuata anaeleza sababu: wasijitumainie nafsi zao, bali wamtumaini Mungu awafufuaye wafu.

Kwa hiyo ukijiona huwezi, usidhani imani yako imekufa. Ni kweli huwezi. Ugonjwa, deni na shamba lililooza, vyote kwa msimu mmoja, ni vingi kuliko mwanamke mmoja, na Mungu hajakuomba ujifanye unavimudu. Eliya alipokaa chini ya mretemu akaomba afe, malaika hakumkemea. Alimwekea mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamwamsha mara ya pili: "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Ni 1 Wafalme 19, uisome usiku wa leo. Malaika mwenyewe amekiri kwamba safari imemzidi mtu. Na angalia kwamba chakula kilitangulia, mazungumzo na Mungu yakaja baadaye kule Horebu. Umesema unashinda na chai ya rangi mpaka jioni. Dada, kula.

Nilipofiwa na baba watoto, nyumba ilijaa watu wenye aya, na nawashukuru, lakini ninayemkumbuka zaidi ni bibi mmoja wa kanisani kwetu. Alikuja na unga wa uwele ameufunga kwenye pindo la khanga. Hakuniuliza kitu. Aliingia jikoni, akakoka moto mwenyewe, akasonga ugali, akapika mlenda akautia karanga, akakaa nami kwenye mkeka akiuangalia mkono wangu mpaka tonge la kwanza likaingia mdomoni. Kisha akaosha sufuria. Usiku aliniombea kwa Kigogo, sala fupi kabisa: alimwambia Mungu kwamba mtoto wake huyu amechoka, na asimsahau. Akajinyoosha pale pale mkekani akalala. Wazazi wa bibi yule walikuwa wamepona Mtunya, ile njaa iliyoipiga Ugogo mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipokwisha kuchukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, na mvua nayo ikakataa. Dayosisi yetu ya Central Tanganyika ilianzishwa mwaka 1927, watu wangali na kumbukumbu ya njaa hiyo. Nafikiri ndiyo maana wazee wetu wa huku wakiomba hawapambi maneno. Walijifunza kumwomba Mungu ghala likiwa tupu.

Sasa hela za kikundi. Hapa ndipo ule mlango wa kutokea unapotakiwa, na upo. Kila wiki mnanunua hisa, na pembeni mnachangia mfuko wa jamii. Mfuko huo ni wa nini kama si wa mwanachama ambaye mumewe ameanguka ghafla? Wewe ni mweka hazina, umeandika kwa mkono wako majina ya waliosaidiwa: aliyefiwa, aliyejifungua kwa upasuaji, aliyeunguliwa nyumba. Jina lako halijawahi kuingia kwenye daftari lile. Sasa Shetani anakunong'oneza uchukue usiku, kwa siri, kitu ambacho ungekiomba mchana ukapewa kwa haki. Anajua unaona aibu kuomba. Naamini ni aibu hiyo inayokusukuma kuliko hata shida yenyewe.

Usikubali lile la "nitarudisha zabibu za msimu ujao zikiuzwa." Ukimpa mkopeshaji hela zile, atazimeza kwa siku chache na riba itaendelea kukimbia, nawe utaurudia mkoba mara ya pili, na mara ya pili moyo hauumi kama mara ya kwanza. Hela zenyewe ni za mama muuza mboga mnayekaa naye benchi moja kanisani, na za yule mjane anayelipia mtoto sekondari. Sikuambii haya kukuhukumu, kwa sababu hujagusa hata shilingi. Nakuambia ili uyaone kwa macho yangu, mimi ambaye sijakosa usingizi kama wewe.

Kasha lenu lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Hamkuweka hivyo kwa kuwa nyie ni wezi. Mliona kwamba hakuna mtu, hata awe ameokoka namna gani, anayepaswa kuachwa peke yake na hela za wengine. Msiba ndio uliokuacha peke yako nazo. Basi fanya kama Yusufu: hakukaa kubishana na mke wa Potifa, aliacha vazi mkononi mwake akatoka mbio. Ukimaliza kusoma barua hii, beba mkoba umpelekee mwenyekiti kabla giza halijaingia. Hesabuni pamoja, mmoja wa washika funguo awepo. Umwambie, "Mama, nimebanwa, sitaki kukaa na hela hizi, na naomba mfuko wa jamii." Huna haja ya kueleza zaidi ya hapo. Ukihisi unataka kueleza zaidi, nieleze mimi.

Mkopeshaji naye asikutishe na honi. Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayefanya biashara ya kukopesha anatakiwa awe na leseni inayotoka Benki Kuu. Muulize ya kwake iko wapi. Usimpe kadi ya benki wala karatasi za shamba, hata akikwambia ni dhamana tu. Deni tulilokopa tutalilipa, sisi ni watu wa Mungu, lakini hatulazimiki kulilipa kwa kuogopa.

Mawifi zako wanaosema shemeji katupiwa kitu na wanataka apelekwe kwa mganga, waambie kwa heshima kwamba hapana. Na yule anayekuletea habari za mafuta ya upako ya kununua, mwambie hivyo hivyo. Wazee wa kanisa waje wampake mafuta na kumwombea, kama Yakobo 5 inavyosema, na hiyo hailipiwi. Vidonge vya presha asiviache hata siku atakayojisikia mzima, na yale mazoezi ya mkono aliyoonyeshwa hospitali ayafanye kila siku, mtoto mkubwa amsaidie asubuhi wewe ukiwa kisimani. Maombi na vidonge haviko kwenye ugomvi.

Umesema huwezi kuomba, maneno hayatoki. Fungua Zaburi ya 88. Yule mtu analia kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, na zaburi inaishia gizani bila shukrani yoyote. Hata hivyo anamwita Bwana mchana na usiku, na anamwita Mungu wa wokovu wake. Isome kwa sauti kama yako. Ukishindwa hata hiyo, sema "Bwana, nihurumie" unapopuliza moto, inatosha. Sisi huku tunakuombea. Akina mama wa maombi nimewaambia tu kwamba shemeji anaumwa. Habari ya mkoba sijaitoa kwa mtu na sitaitoa.

Ijumaa nakuja na gari la kwanza, niwahi ofisi ya kata ikiwa wazi. Tafuta ile karatasi uliyosaini kwa mkopeshaji uiweke tayari, twende nayo kwa mtendaji pamoja. Nitaleta unga, dagaa kidogo, na kipira laini cha shemeji kuminya kwa ule mkono. Usipike chochote, nitapika mimi.

Ukishamkabidhi mwenyekiti nibipu tu, nitaelewa, hata kama ni usiku. Msalimie sana shemeji, na mwambie hajawa mzigo kwa mtu.

Ni mimi dada yako katika Kristo,
wa Kikuyu