Asante, ndugu uliyenifumbua macho

Jina lako sikuuliza, na hilo linanikera mpaka leo. Miaka yote nilikariri tu kwamba hasi mara hasi ni chanya. Wewe uliandika 2 × −3 = −6, kisha 1 × −3 = −3, kisha 0 × −3 = 0, ukauliza: "Kila hatua jibu linapanda kwa 3. Inayofuata je?" Nikajijibu mwenyewe: −1 × −3 = 3!

Nilipong'ang'ania kuwa sifuri mara infiniti (ukubwa usio na kikomo) lazima iwe sifuri (nilikuwa mbishi kweli), hukunicheka. Ulichukua n na 5/n: n ikikua bila kikomo, 5/n inakaribia sifuri, lakini ukizizidisha hizo mbili, zao linabaki 5. Ukiweka 8 mahali pa 5, zao ni 8. Kumbe jibu moja halipo. Asante sana, popote ulipo.