Saikadi chotara sio feki

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu yule msomaji aliyeandika kwamba mitapo chotara, hizi saikadi za kuchanganya aina mbili (mimea ya bustani yenye shina nene na majani kama ya mnazi), ni mimea feki na mtu mwenye bustani ya maana anatafuta ya asili tu. Mi sikubaliani nae hata kidogo.

Hiyo ya asili anaitoa wapi? Mtapo unakua taratibu mno, kwahiyo anayetaka shina kubwa leo leo njia ya mkato ni kung'oa porini, ndo maana Encephalartos zote, jamii ya mitapo ya Afrika, ziko kwenye orodha ya kwanza ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na kufanya biashara ya kimataifa ya zilizong'olewa porini ni marufuku. Cheki Encephalartos woodii, kilikutwa kichaka kimoja tu msitu wa Ngoye huko Afrika Kusini mwaka 1895, tena dume, na jike halijaonekana mpaka leo. Wakulima wanachukua chavua yake wanampa jike la Encephalartos natalensis, aina nyingine ya jamii hiyo, alafu mtoto akiwa jike anapewa tena chavua ya woodii, hivohivo kizazi baada ya kizazi ili wakaribie ule wenyewe. Na huo nao ni ufeki?

Kwa sisi wa bustani za nyumbani faida ya chotara ni kustahimili. Mtapo wa Japani, Cycas revoluta, ukiuchanganya na Cycas panzhihuaensis, ambayo kwao ni milima ya Sichuan na Yunnan huko China, unapata mche unaovumilia baridi, na chotara wengi wanakua haraka kuliko wazazi. Majani yakiungua na barafu usikimbilie kung'oa, bonyeza shina kwanza, likiwa gumu subiri litatoa mengine. Kinachoua sana ni maji kutuama, shina linaoza kuanzia chini na wewe unaona majani bado ya kijani unazidi kumwagilia! Weka kokoto na mchanga wa kutosha, shina lisifukiwe. Na vile vimizizi vya ajabu vinavyojitokeza juu ya udongo mfano wa matumbawe msivikate jamani, sio ugonjwa, ndani yake kuna bakteria wanaoupa mmea naitrojeni.

Ninacholalamikia mimi ni wauzaji. Mche unauzwa umeandikwa "chotara" basi, mama nani baba nani hakuna, sasa mnunuzi atajuaje kama utahimili baridi au utafia nje? Lebo iandikwe wazazi wote wawili, jike kwanza. Na kama jirani na kwako kuna mitapo ya porini ya jamii hiyohiyo, koni (kile kitu kama gunzi kinachobeba chavua au mbegu) la chotara wako dume likate kabla halijamwaga chavua, manake hapo kweli unaharibu mbegu za asili. La jike nalo usiache mbegu zikadondoka ovyo kama una mbwa, zina sumu ya ini na akitafuna chache tu anaweza kufa.

Mpenda mitapo