Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, 2025: Mwaka Mzima na Kingfish

Ndugu wanachama,

Salaam zangu ziwafikie popote mlipo: nyie wa hapa Memphis tunaoonana kila mwezi, nyie wa Dallas, Minneapolis na Columbus mnaoungana nasi kwa simu, na wenzetu wawili waliorejea Mwanza na Mombasa lakini ada yao haijachelewa hata mara moja.

Mtakumbuka tulivyokubaliana kwenye mkutano mkuu uliopita. Sisi chama cha wasikilizaji wa bluzi, ule muziki wa Wamarekani weusi wa kusini, tuache kurukaruka, leo mpiga gitaa huyu kesho yule. Tumchukue mmoja tumsikilize mwaka mzima, albamu kwa albamu, mpaka tumjue. Majina yaliyofika mwisho yalikuwa matatu: Joe Bonamassa, Gary Clark Jr. na Christone Ingram, ambaye dunia inamwita Kingfish. Mimi kura yangu nilimpa Gary Clark. Nalisema hili mapema kwa sababu mtakaposoma mbele mtadhani nilikuwa upande wa Kingfish tangu mwanzo, na haikuwa hivyo. Nilimwona ni kijana wa mbwembwe, vidole vingi na la kusema kidogo. Nilimkosea.

Kwa wanachama wapya: Ingram alizaliwa Januari 1999 huko Clarksdale, Mississippi, mwendo wa kama saa moja na nusu kwa gari kutoka hapa. Upande wa mama ana udugu na Charley Pride, yule mwimbaji mweusi wa kantri. Ametoa albamu nne: Kingfish (2019), 662 (2021), Live in London (2023) na Hard Road iliyotoka Septemba mwaka huu. Tatu za mwanzo zilitolewa na Alligator Records ya Chicago. Hii ya nne ameitoa chini ya lebo yake mwenyewe, Red Zero.

Vikao vya mwanzo tulivitumia vyote kwa albamu ya kwanza, na hapo ndipo mabishano yalipokuwa makali. Ilirekodiwa Nashville chini ya mtayarishaji Tom Hambridge, ambaye pia amesimamia kazi nyingi za Buddy Guy, mpiga gitaa mkongwe wa bluzi, na Buddy Guy mwenyewe anaingia kwenye wimbo wa "Fresh Out". Katibu wetu alisimama akasema waziwazi kwamba mzee kamfunika kijana: mmoja ana noti mia, mwingine ana kumi, na hizo kumi ndizo zinazobaki kichwani. Tulirudia wimbo ule mara nne. Kila tuliporudia nilisikia kitu kingine. Mzee anapiga, anakata, anaacha kimya. Kijana anasubiri kimya kiishe ndipo anaingia. Mpigaji wa miaka 20 anayejua kusubiri mbele ya mtu aliyezaliwa 1936 hajafunikwa. Amekaa kitako anajifunza, na anajifunza mbele yetu sisi wasikilizaji. Najua katibu hajakubali hadi leo.

Wimbo uliotushika wote bila ubishi ni "Been Here Before". Hauna kelele, gitaa kavu na sauti tu, na unamhusu mtoto ambaye wakubwa wakimtazama wanasema huyu alishawahi kuja duniani. Mama mmoja wetu kutoka Bujumbura alisema kwao mtoto wa namna hiyo anaitwa mzee na watu wazima, na hakuna anayecheka. Mzee wetu wa Lubumbashi yeye hakusema kitu. Alichukua gitaa, akatuonyesha jinsi Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa maarufu wa Kongo, alivyokuwa akipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, gumba likitembea chini kwenye nyuzi nene kama mtu anayetwanga, shahada ikicheza juu. Mwenda aliimba kwa Kiswahili na alisimama kwenye tamasha la muziki la Newport hapa Marekani mwaka 1969, miaka 30 kabla Kingfish hajazaliwa. Sidai kwamba mmoja alimsikia mwingine. Lakini usiku ule watoto wetu walielewa kwa mara ya kwanza kwamba gitaa kavu linaweza kubeba besi, rizimu na solo kwa mkono mmoja wa kulia, na kwamba ujuzi huo nyumbani upo.

Albamu ya pili, 662, imepewa jina la tarakimu za mwanzo za namba za simu za kaskazini mwa Mississippi. Sisi tuliokulia kwenye miji inayotambulikana kwa namba za magari yake tulilielewa jina hilo mara moja. Albamu ya kwanza iliteuliwa kuwania Grammy, tuzo kubwa ya muziki ya Marekani, kwenye kundi la bluzi ya asili. Hii ya pili ikaingia kundi la bluzi ya kisasa na kushinda, Aprili 2022. Mtu yule yule, mtayarishaji yule yule, miaka miwili tu kati. Kwa hiyo naomba mjadala wa nani ni bluzi halisi na nani siyo upumzike mwakani, kwa sababu hata waliotoa tuzo hawana ukuta unaosimama.

Mama yake, Princess Pride Ingram, alifariki Desemba 2019, miezi saba tu baada ya albamu ya kwanza kutoka. Ndiye aliyekuwa akimpeleka kwenye maonyesho tangu utotoni. Hakuwahi kuisikia 662, wala hakuiona ile tuzo. Mwishoni mwa albamu upo wimbo "Rock & Roll", wa kumkumbuka yeye na alivyojinyima ili mwanawe apige. Kikao cha Mei, wimbo ulipokwisha, hakuna aliyenyoosha mkono kuchangia. Mweka hazina wetu, ambaye alimzika mama yake mwaka huo huo, alitoka nje akasimama karibu na magari. Tulimwacha. Aliporudi aliomba tuupige tena, tukaupiga.

Live in London ilirekodiwa Juni 2023 kwenye ukumbi wa The Garage, akiwa na Christopher Black kwenye ngoma, Paul Rogers kwenye besi na Deshawn Alexander kwenye kinanda. Hapa wanachama waligawanyika nusu kwa nusu. Kundi la Dallas linasema solo ni ndefu mno na studio inamfaa zaidi kwa kuwa inamlazimisha kuchagua. Nawaelewa, na kuna nyimbo mbili tatu ningezifupisha mimi mwenyewe. Lakini sikilizeni anapopunguza sauti. Watu wamejaa, bendi imepanda mpaka juu, halafu ghafla anarudisha kitufe cha sauti kwenye gitaa hadi unasikia kucha zikigusa waya. Ukumbi mzima unanyamaza wenyewe, hakuna aliyewaambia. Mpiga kinanda anabakiza kidole kimoja. Hapo ndipo ninapomwamini. Kasi inafundishika kwa mazoezi; kuwanyamazisha watu waliosimama na glasi mkononi ni jambo jingine kabisa.

Wanachama sita walibahatika kumwona jukwaani mwaka huu, kila mmoja mjini kwake, na nimewaomba wote waniandikie. Maelezo ya dada yetu wa Minneapolis yanatosha kwa niaba ya wengine. Katikati ya wimbo Kingfish alishuka ngazi huku anapiga, akapita katikati ya viti, akasimama hatua mbili kutoka kwake. Anasema mkono wake ni mpana, vidole vinene, na unashangaa waya mwembamba namna ile unavumiliaje. Aliuvuta uzi wa pili pembeni polepole mpaka sauti ikapanda, akaushikilia pale, macho yamefumba, jasho linatiririka kidevuni na kudondoka kwenye mbao ya gitaa. Hakuuachia mpaka mtu fulani nyuma akapiga yowe. Kisha akaendelea na safari yake, na dada anasema alikaa kwenye kiti bila kupiga makofi kwa sababu alisahau kwamba ana mikono.

Sasa safari. Aprili, wakati wa Juke Joint Festival, tamasha la bluzi la mji huo, watu 22 tulikwenda Clarksdale. Magari tuliyokuwa tumelipia yalifutwa asubuhi ya safari na kampuni tuliyoiamini, na tungekwama kama wanachama watano wasingetoa magari yao bila kuulizwa mara mbili. Nawashukuru hapa mbele ya wote. Tuliteremka barabara ya 61, mashamba bapa pande zote mbili, udongo mweusi uliotifuliwa, na Ingram masikioni njia nzima.

Jumba la makumbusho ya bluzi, Delta Blues Museum, liko kwenye stesheni ya zamani ya mizigo ya reli iliyojengwa 1918. Ndani yamo mabaki ya kibanda alichoishi Muddy Waters, gwiji wa bluzi, kutoka shamba la Stovall. Ni mbao tu, zimechakaa, unaziona pengo kati yake. Watoto wetu walikaa pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Mmoja aliniuliza kama mvua ilikuwa ikiingia. Nilimwambia bila shaka iliingia.

Kisha tukaenda njiapanda ya barabara za 61 na 49, kwenye ile nguzo yenye magitaa ya buluu, na watu wakapiga picha. Hapo nina neno. Hadithi ya mpiga gitaa aliyekutana na shetani usiku njiapanda akauza roho ili ajue kupiga imesimuliwa mno, na kila mwaka mmoja wetu huisimulia tena. Mimi naomba tuiache. Inampa shetani kazi iliyofanywa na walimu. Kingfish alifundishwa, na waliomfundisha wanajulikana kwa majina. Alipokuwa mtoto alipelekwa kwenye darasa la makumbusho yale yale, akaanza na ngoma, akaenda besi, ndipo akafika kwenye gitaa. Walimu wake walikuwa Bill Perry, anayejulikana kama Howl-N-Madd, na Richard Crisman, na jina la Kingfish lenyewe alipewa na Perry. Mwaka 2014, akiwa na miaka 15, alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa darasa hilo waliopiga Ikulu ya Marekani mbele ya Michelle Obama. Mji ule una umaskini unaouona kwa macho ukitembea mitaa miwili. Maduka mengi yamefungwa kwa mbao. Lakini ulikuwa na chumba, magitaa ya kuazima, na watu wazima wawili waliokuja siku ya kipindi. Ndicho nilichorudi nacho kutoka safarini, na ndicho kilichoongoza maamuzi yetu ya nusu ya pili ya mwaka.

Kamati ilikaa Juni na kuamua kwamba fedha tulizokuwa tumetenga kwa fulana na bango zielekezwe kwenye darasa la Jumamosi kwa watoto wa wanachama na majirani. Tulinunua magitaa sita ya mitumba, tukabadilisha nyuzi zote. Tulianza na watoto tisa. Mzee wetu wa Lubumbashi anafundisha mkono wa kulia, na kijana wetu wa Dodoma, ambaye alipiga rizimu kwenye bendi kabla hajahamia huku, anafundisha akodi. Mwezi wa kwanza ulikuwa mgumu. Ncha za vidole ziliwauma, watatu wakaacha. Wawili wamerudi. Binti mmoja wa miaka 11, mkimya mno, sasa anaweza kupiga mizunguko 12 ya bluzi kwenye ufunguo wa E bila kusimama, na akikosea anaendelea, jambo ambalo baadhi yetu watu wazima bado linatushinda. Ukumbi tuliopewa mwanzo tulinyang'anywa Septemba kwa taarifa ya siku mbili, tukahamia gereji ya katibu. Baridi imeingia na gereji haina joto, kwa hiyo kupata chumba ndiyo kazi ya kwanza ya kamati ijayo.

Hesabu kwa ufupi, kwa kuwa mweka hazina atawasomea zote. Tulianza mwaka tukiwa wanachama 31, tumemaliza tukiwa 38. Ada zimelipwa na watu 33. Hao watano wengine nimeongea nao mmoja mmoja, wana sababu zao, na kamati imewapa muda. Hatuna deni. Hesabu za nusu mwaka zilichelewa kuwafikia kwa wiki sita, na kwa hilo nawaomba radhi. Mwakani zitakuja kila robo.

Nafasi ya makamu mwenyekiti iko wazi. Ningefurahi ikichukuliwa na mtu wa nje ya Memphis, ili wenzetu wa kwenye simu wasijione wageni.

Kikao cha Januari tutaingia Hard Road. Nimeisikiliza mara kumi na moja na nina maoni, lakini nayaweka mfukoni mpaka niwasikie nyie kwanza. Wenye watoto waje nao mapema, saa nane mchana, wapate saa nzima na mzee na gitaa lake kavu kabla hatujawasha spika. Wavae masweta.

Mwenyekiti wenu