Gitaa la mjomba si la mwaka wa Uhuru

Kirumba, Mwanza
Jumapili jioni

Rafiki yangu Mabula,

Salaam kutoka huku kwetu kwenye mawe. Sisi wazima. Mama bado analalamikia goti, ila sokoni anakwenda na kurudi bila kushikwa mkono. Dagaa wako nimeshawachagua pale Mwaloni, wakavu, hawana mchanga, watakuja na basi la Jumatano.

Sasa la gitaa la mjomba, uliloniuliza kama kweli ni la mwaka wa Uhuru. Nakupa jibu mapema usije ukasoma moyo ukiwa juu: siyo la 1961. Mwambie mteja wako anayetaka kulinunua, kabla hajatuma hata senti tano.

Najua utanuna. Hata mimi iliniuma. Hadithi ile tumekua nayo, mjomba kakaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba, anatusimulia jinsi alivyolipiga gitaa hili usiku wa Uhuru watu wakacheza mpaka kukakucha. Na wewe ulishanieleza kwamba wanaokusanya magitaa ya Fender, kampuni ya Marekani, hulipa zaidi kwa yale ya kabla ya Januari 1965, kampuni ilipouzwa kwa CBS, shirika la utangazaji la huko huko. Kwa hiyo nilikaa nalo mezani nikitamani mjomba awe na haki.

Shaka ilianzia kwenye kichwa cha gitaa, pale nyuzi zinapokazwa. Stratocaster, aina ya Fender kama hili letu, zile za mwanzo tangu 1954 zina kichwa chembamba. Hili letu lina kichwa kipana, na kichwa kipana kilianza kutengenezwa mwishoni mwa 1965. Nikajifariji kwamba labda shingo ilibadilishwa. Nikaligeuza. Nyuma, pale shingo inapokutana na mwili, kuna bamba la chuma lenye skrubu nne, na katikati limechongwa herufi F kubwa. Bamba la F nalo lilianza mwishoni mwa 1965. Namba yenyewe ya bamba ina tarakimu sita, lakini sikuihangaikia: kiwandani mabamba yalichotwa tu kutoka kwenye boksi bila kufuata mfuatano, na bamba ni kitu cha kuhamishika kwa bisibisi kwa dakika tatu.

Nikalipeleka kwa fundi redio wangu Makoroboi, yule anayechomelea huku anakunywa kahawa. Tukafungua kile kibao cheupe cha mbele. Mabula, laiti ungekuwepo. Ile rangi ya buluu tuliyoizoea ni rangi ya mtumbwi, hilo nilikuwa nalihisi siku zote. Chini ya kibao, ambako brashi haikufika, kuna manjano mazuri kama embe bivu, yanageuka wekundu yakielekea pembeni. Fundi alinyamaza, akaweka kikombe chini.

Voliumu zake zipo tatu, moja ya sauti na mbili za toni. Mafundi wanaziita poti. Mgongoni mwa poti ya Kimarekani kuna namba iliyogongwa kwenye bati, na namba hiyo inasema. Yetu imeandikwa 1376633. Tatu za mwanzo, 137, ni utambulisho wa CTS, kampuni iliyotengeneza poti hizo. Mbili zinazofuata ni mwaka, 66. Mbili za mwisho ni wiki: wiki ya 33, yaani katikati ya Agosti 1966. Ya pili ina namba hiyo hiyo. Ya tatu haina chochote, na risasi yake ya kuchomelea imejaa mabonge kama uji ulioshindikana, kwa hiyo hiyo iliwekwa huku huku kwetu. Zile mbili risasi yake ni laini, inang'aa kidogo, wala hakuna dalili kwamba imewahi kuyeyushwa mara ya pili.

Lakini usikimbilie kusema gitaa ni la 1966. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Poti inakuambia gitaa haliwezi kuwa la kabla ya tarehe hiyo, basi. Fender walinunua shehena kubwa ya poti mwaka ule wa 1966 wakawa wanazitumia miaka kadhaa, ndiyo maana hata gitaa la 1969 unaweza kulikuta na poti za 1966.

Ikabidi tung'oe shingo. Nilikataa kwanza, nikaogopa. Fundi akanitazama kama mtu aliyeleta mgonjwa halafu anakataza sindano. Skrubu nne zikatoka, moja ikilia. Kwenye kisigino cha shingo, sehemu inayojificha ndani ya mwili, kuna muhuri: MAR 67, halafu herufi B, ambayo ni kipimo cha upana wa shingo. Machi 1967. Hiyo ni tarehe ya shingo, si ya siku gitaa lilipofungwa, lakini sasa kichwa, bamba, poti na shingo vyote vinaimba wimbo mmoja. Kingekuwa kimoja peke yake nisingekiamini.

Jioni nikapitia kwa mama mkubwa, nikamweleza taratibu, nikiogopa kumvunjia kaka yake heshima. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa pindo la khanga. Akasema usiku wa Uhuru mjomba alipiga galatoni, gitaa lisilo la umeme, tena la kuazima, na uzi ulikatika kabla ya usiku wa manane. Hili la umeme lilikuja baadaye sana, kwa meli kutoka Kisumu. Anakumbuka kwa sababu mjomba aliuza ng'ombe wawili bila kumuuliza mtu, akalipwa kwa noti zenye picha ya Mwalimu, na babu akazitazama zile noti akasema heri ng'ombe, wangezaa. Noti hizo zilitoka 1966. Mama mkubwa hajui poti ni nini, ila amefika mahali pale pale tulipofika sisi na bisibisi.

Sidhani mjomba alitudanganya. Nadhani kwake magitaa mawili yaligeuka moja, kwa sababu hili ndilo lililobaki.

Basi mwandikie mteja hivi: shingo ya Machi 1967, poti mbili za Agosti 1966, moja ya kuokoteza, bamba la F, rangi ya asili ipo chini ya kibao na juu yake rangi ya mtumbwi. Akiuliza kama naweza kuikwangua, mwambie hapana. Akishusha bei, ashushe. Akitaka tuandike 1961 ili amuuzie mwingine, mwache aende zake.

Nimelifunga upya na linaita vizuri, ila toni ya chini bado inakoroma. Nitumie seti moja ya nyuzi namba kumi ukipita dukani, za huku zinapata kutu kabla sijamaliza wimbo. Msalimie shemeji na watoto.

Wako,
Kulwa

N.B. Mama mkubwa anauliza, hizo hela zikipatikana, na ng'ombe wawili watarudi?