Risala ya Wanafunzi wa Kujitolea kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuogesha Mbwa

Ndugu Mgeni Rasmi, Daktari wa Mifugo wa Wilaya;
Mkuu wa Shule na walimu wetu;
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule;
Mtendaji wa Kata;
Wawakilishi wa kituo cha kuokoa wanyama;
Wazazi, walezi na wenye mbwa mliofika;
Wanafunzi wenzetu;
Mabibi na Mabwana,

Shikamooni.

Ndugu Mgeni Rasmi, awali ya yote tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Tunajua Jumamosi ni siku yako ya mapumziko, na tunajua pia kwamba uliposoma kwenye barua maneno "hafla ya kuogesha mbwa" huenda ulidhani wanafunzi wanakutania. Hatukutanii. Harufu ya manyoya mabichi inayokufikia hapo meza kuu ndiyo ushahidi, na tunaomba radhi kwa hiyo harufu.

Klabu yetu ilianza na wanafunzi wachache wa kidato cha pili waliokuwa wakienda kituoni siku za Jumamosi kufagia mabanda na kusaidia jikoni. Jikoni kwenyewe ni mafiga matatu na sufuria kubwa ya ugali wa dona uliochanganywa na dagaa, ambao huisha kabla jua halijawa kali. Kituo kinapokea mbwa waliogongwa na magari kwenye barabara kuu ya Arusha na Moshi, watoto wa mbwa waliotupwa mtoni ndani ya viroba, na mbwa ambao wenye nyumba walihama wakawaacha getini wakisubiri. Matibabu, chakula na upasuaji wa kufunga vizazi vyote vinategemea michango ya wasamaria. Sisi wanafunzi hatuna fedha za kuchangia. Tuna mikono, ndoo na siku moja ya Jumamosi. Tukaamua kuviuza hivyo.

Bei tuliyoweka ni shilingi 3,000 kwa mbwa mdogo na 5,000 kwa mbwa mkubwa. Mbwa mkali bei yake ni ileile, ila mwenyewe ndiye anayemshika kichwa.

Ndugu Mgeni Rasmi, kabla ya leo wataalamu wa kituo walitupa mafunzo, na tulishangaa kwamba kuogesha mbwa nako kuna utaratibu wake. Povu linaanza shingoni kama kola, ili viroboto wasipate njia ya kukimbilia masikioni na machoni. Kichwa kinaoshwa mwisho kabisa, maana mbwa akishalowa kichwa hujikung'uta, na hapo mnaoga wote. Sabuni ya unga ya kufulia ni marufuku kwa sababu inababua ngozi. Kupe hatoki kwa kuoshwa: anatafutwa kwa vidole, chini ya mkia, ndani ya masikio na katikati ya kucha, kisha anang'olewa taratibu kwa kibanio.

Somo lililogusa wazazi wengi ni la dawa ya josho. Asubuhi hii zaidi ya mzazi mmoja alifika na chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, akitaka tumwagie kidogo kwenye beseni. Dawa hizo zikichanganywa kwa kukisia zinaweza kumuua mbwa, hasa mtoto wa mbwa, na aliyeshika beseni naye anaivuta na kuipata kwenye ngozi. Zile chupa ziko mezani kwa mwalimu mlezi. Wenyewe watazichukua wakati wa kuondoka.

Tulijiwekea pia masharti ya usalama. Hakuna mwanafunzi anayemshika mbwa peke yake, na pale penye bomba kuna sabuni ya kipande iliyotengwa kwa ajili ya jeraha tu. Mtu aking'atwa au kuparuzwa, sehemu hiyo inaoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, halafu safari ya zahanati inaanza hata kama jeraha ni dogo. Hadi tunaandika mstari huu sabuni ile haijaguswa.

Ndugu Mgeni Rasmi, shule yetu ni ya dini zote, na kulikuwa na minong'ono kwamba shughuli hii itawaweka kando wanafunzi Waislamu. Haikuwa hivyo. Mwalimu wa dini alizungumza nao mapema, akawakumbusha hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani kumtekea maji mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Suala la najisi likabaki palepale na likaheshimiwa. Wenzetu hao ndio waliosimamia mapokezi, daftari la fedha, na kazi ngumu kuliko zote, ya kubeba maji. Septemba ni kiangazi, bomba la shule linatoa maji kwa kusuasua, na tulinunua boza ambalo dereva wake aliuliza mara mbili kama kweli maji yale ni ya mbwa.

Mbwa walikuja kwa kila namna. Mmoja alifika amekaa juu ya tangi la bodaboda, masikio yametulia, kama abiria wa kila siku. Lakini tunayetaka kukueleza ni mbwa wa bibi mmoja kutoka mtaa wa chini. Alikuja akivutwa kwa kamba ya katani, mbwa wa kienyeji wa rangi ya udongo, hajawahi kuogeshwa tangu azaliwe. Maji ya kwanza yalitoka mekundu kama tope la shambani, ya pili vilevile. Yalipotakata tukaona kwamba kifuani ana baka jeupe ambalo bibi mwenyewe hakulijua. Alicheka mpaka akakaa chini. Katika sikio moja tulitoa kupe wakajaza kifuniko cha chupa ya soda. Bibi alivitazama vile vidudu, akatazama mbwa wake, akatuuliza: "Na sindano ya kichaa, mnachoma hapahapa?"

Hatukuwa na jibu. Na si bibi huyo peke yake. Wenye mbwa wengi waliofika leo wametuuliza swali hilo, na hapa ndipo penye neno letu kubwa kwako.

Wewe ni mtaalamu, hatuwezi kukufundisha kazi yako. Haya tunayasema kwa ajili ya wazazi waliokaa nyuma yako. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, na wengi wao Afrika na Asia. Asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wa chini ya miaka 15, yaani rika letu na wadogo zetu. Dalili zikishajitokeza, karibu hakuna anayepona. Hata hivyo mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia. Watafiti waliofuatilia ugonjwa huu Serengeti na Ngorongoro waliona kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza kwa wastani mbwa mwingine mmoja na kidogo tu. Ni mnyororo mwembamba. Kuwapiga mbwa risasi au kuwawekea sumu, kama inavyofanyika sehemu mbalimbali, hakuukati, kwa sababu mbwa wapya wasiochanjwa huhamia pale walipotoka wa zamani.

Tatizo tunaloliona sisi ni kwamba tangazo la chanjo likipita na kipaza sauti, watu wengi hawaji. Wengine wanaogopa kwamba mbwa wao asiye na mkanda atachukuliwa. Wengine wanaona aibu kumpeleka mbwa mchafu mbele ya daktari. Leo hakuna aliyeona aibu, kwa sababu uchafu ndio ulikuwa tiketi ya kuingilia.

Kwa hiyo, Ndugu Mgeni Rasmi, ombi letu la kwanza ni hili: tutakaporudia shughuli hii mwakani, karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ofisi yako itume mtaalamu mmoja na kasha la barafu lenye chanjo, akae palepale mwisho wa mstari wa mabeseni. Mbwa atoke kwenye taulo aingie kwenye sindano, na mwenyewe aondoke na kadi. Mabeseni, maji na watu wa kuwashika mbwa tutatoa sisi.

Pia tunaomba utusaidie kufikisha mtaani, kwa lugha ya kawaida, yaliyomo katika Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Mtu anayemfunga mbwa kwa mnyororo mfupi juani bila maji kutwa nzima hajui kama kuna sheria inayomhusu. Na kama katika stoo yako kuna glovu ndefu zinazotumika kwenye uzalishaji wa ng'ombe, hata zilizobaki, sisi tutazipokea. Hizi fupi tulizonunua zinajaa maji baada ya mbwa wa pili.

Tunamshukuru Mkuu wa Shule kwa kuturuhusu kutumia uwanja wa netiboli, ambao tumeahidi kuurudisha ukiwa kama ulivyokuwa. Tunawashukuru wapishi waliotuchemshia maji tangu alfajiri, na wazazi waliolipa bei ya mbwa mkubwa kwa mbwa wa kiganjani.

Fedha zilizopatikana zinahesabiwa hivi sasa chini ya mjakaranda na mwalimu mlezi pamoja na mwakilishi wa kituo. Kiasi kitasomwa hadharani, nasi tunakuomba ukimaliza kuzungumza nasi uikabidhi bahasha hiyo kwa kituo. Baada ya hapo, kama ratiba yako inaruhusu, mstarini bado wamebaki mbwa, na jozi moja ya mabuti makubwa tumekuwekea pembeni.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Risala hii imeandaliwa na wanachama wa klabu na kusomwa kwa niaba yao na Katibu.